Kabla ya kumlaumu mama, iangalieni chupa

Mhariri,

Nimemsoma msomaji wako aliyedai katika ukurasa huu kwamba watoto wanakunywa mafuta ya taa kwa sababu akina mama wa siku hizi wameinamia simu. Barua hiyo nilimsomea jirani yangu wa kibanda, muuza viazi karai. Aliguna tu, akaendelea kugeuza viazi vyake. Kutwa nzima ana karai la mafuta ya moto mbele yake, wateja wamemsimamia, na wajukuu wawili wanamzunguka miguuni. Hiyo simu ataiinamia saa ngapi?

Sikatai kwamba uzembe upo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba ndio chanzo, na mazungumzo yaishie hapo. Mimi nauza sabuni ya maji hapa Majengo, Mombasa, na nilipokaa naona kitu ambacho ndugu yule hakukitaja hata kidogo: chupa.

Sabuni yangu naichanganya mwenyewe. Ufacid (asidi ya kutengenezea sabuni), Ungerol ya kuleta povu, kostiki kidogo, yaani magadi makali, ya kuuvunja ukali wa Ufacid, chumvi, rangi, manukato. Pembeni nauza Jik ya kupima, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe (sote twaiita Jik, hata ile ambayo haina uhusiano wowote na Jik yenyewe), asidi ya choo na dawa ya sakafu. Vitu hivi hutufikia katika madumu ya lita 20, vikali. Muuzaji huvipunguza kwa maji, kisha huvimimina kwa faneli kwenye chupa ndogo. Na chupa ndogo zatoka wapi? Kwa waokotaji. Chupa aliyonywea mtu maji ufuoni pale Mama Ngina Jumapili jioni akitazama meli zikiingia, katikati ya wiki utaikuta imesuuzwa, imepangwa rafuni kwenye duka la mtu, ndani yake mna Jik ya shilingi ishirini. Lebo ya maji bado imebandikwa, na mara nyingine ina picha ya mlima wenye theluji.

Mafuta ya taa nayo yamehamia kwenye chupa za soda. Wengi siku hizi tunapikia gesi, lakini mtungi ukiisha katikati ya mwezi stovu hutolewa uvunguni, na kwenye makaa kila mtu anataka kijiko cha kuwashia. Mafuta ya taa ni maangavu. Ukiyaweka katika chupa ya maji, mtu mzima mwenye kiu aliyetoka juani atayapiga funda kabla pua haijamwonya. Mtoto wa miaka miwili yeye hata hiyo harufu haimwambii kitu. Lebo hasomi. Anachokijua ni chupa, kwa sababu kila siku hupewa kinywaji kutoka chupa ya namna ile ile.

Na sisi watengeneza sabuni hatuna pa kujificha. Rangi ya kijani tunaitia manukato ya ndimu, ya waridi tunaitia stroberi, ya manjano inanuka nanasi. Mteja anapenda, biashara inatoka. Itie sabuni hiyo katika chupa ya soda uone kama utaitofautisha na sharubati ya kibandani.

Mabango ya afya yanatuambia tuache dawa katika chombo chake cha asili. Shauri zuri kwa mwenye uwezo wa kununua chombo cha asili. Mteja wangu hajapata kukiona. Chombo cha asili ni dumu la bluu lililoko nyuma ya duka la jumla, na kinachomfikia yeye nyumbani ni ile chupa ya maji. Mtu analipwa kwa siku, ananunua kwa siku: unga wa siku, mafuta ya kupikia ya kupima, Jik ya ishirini. Ukimwambia anunue chupa kubwa ya dukani yenye lebo na kifuniko kigumu, umemwambia apunguze unga. Kwa hiyo bango linasema na mtu ambaye hayuko mtaani kwetu, kisha mtoto akidhurika tunamgeukia mama yake.

Kuna jingine ambalo wenzangu wauzaji wanalijua vizuri. Jik haipendi mwanga wala joto. Ndiyo maana chupa zake za kiwandani hazipenyezi nuru. Iweke katika chupa inayopenyeza nuru, iache rafuni kwenye joto la Mombasa, itapungua nguvu, na wakati huo huo itatoa hewa hadi chupa ivimbe. Mnaziona zile chupa zilizotuna kama mashavu ya mpiga zumari? Mteja anaipeleka nyumbani, mtoto anafungua kifuniko, inamrukia machoni. Jik ikiingia jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 hadi 20, kope zimefunguliwa, kisha hospitali. Dakika hizo ni ndefu mtoto akilia, lakini usikatize.

Mwaka jana katika nyumba ya jirani mtoto alikunywa mafuta ya taa. Babu yake alikuwa ametumwa dukani, akatiliwa katika chupa ya soda, akairudisha chupa karibu na stovu ambako ndiko mafuta hukaa. Mama alikuwa anaanika nguo uani. Aliposikia mtoto anakohoa alikimbia ndani, na hapo ndipo majirani walipojaa. Mmoja kaja na maziwa. Mwingine kaja na mafuta ya nazi. Bibi mmoja, Mungu amweke, alikwisha kukunja kidole chake ili amtie mtoto kooni atapike. Kijana wa bodaboda ndiye aliyekuwa na akili siku ile: alimpakia mama na mtoto, akaondoka nao bila kuuliza nauli.

Laiti watu wengi mtaani wangeyajua yale ambayo daktari alimweleza yule mama. Mafuta ya taa hatari yake kubwa haiko tumboni. Ni mepesi, yanatambaa, na kiasi kidogo tu kikipita njia ya hewa kinachoma mapafu. Ukimtapisha mtoto, umeyapitisha kooni mara ya pili na kuyapa nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Maziwa hayakati sumu, jamani. Tumeambiwa hivyo tangu utoto na tunawaambia watoto wetu, lakini mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akijazwa maziwa tumbo linachafuka, anatapika, tukarudi pale pale. Dalili ni kikohozi, kukabwa, kupumua kwa haraka, usingizi usio wa kawaida, homa. Tena mtoto anaweza kuonekana mzima kwanza, akacheza, hali ikabadilika baadaye. Ndiyo maana hospitali humweka kwa muda wa saa sita au zaidi wakimwangalia hata kama hana neno. Yule wa jirani alilazwa, akawekewa oksijeni, na kwa rehema ya Mungu alitoka.

Kwa kostiki na asidi, kutapisha ni kuchoma koo mara mbili. Mkono wangu mwenyewe una alama za kostiki, na hiyo ni ngozi ya nje. Koo la mtoto ni laini mno, likichomeka likapona na kovu linaweza kuziba hata chakula kisipite. Kostiki siuzi rejareja kabisa. Anayeipima kwa kijiko akaifunga kwa kipande cha gazeti (samahani Mhariri, naona hata lako hutumika) na kumpa mtu aende kuzibulia sinki, huyo ndugu yangu sijui anafikiri nini. Ile inafanana na chumvi ya mawe, na inavuta unyevu wa hewa hadi karatasi inalowana mkononi.

Turudi kwenye nyumba. Mashauri yote yanasema kabati la juu lenye kufuli. Nenda nyumba za kupanga za hapa mjini: Majengo, Kisauni, Likoni, mtaa wa Bangladesh. Chumba kimoja, kitanda, pazia, upande wa pili wa pazia ndio jikoni. Kabati liko wapi? Vitu viko uvunguni au kwenye kona nyuma ya mlango, na uvungu ndiko mtoto anakotambaa. Mimi nashauri watu warudishe susu. Wazee wetu walilitungika kwenye boriti kuwaweka paka na panya mbali na mboga. Kikapu na kamba, basi, kining'inie mbali na kitanda na sanduku ambavyo mtoto anaweza kuvipanda. Jik, asidi, mafuta ya taa, dawa ya mbu, vyote juu. Tumemtengenezea samaki wa kukaanga ulinzi huo kwa miaka mingi, dawa za kuua tunaziacha sakafuni.

Na tusijidanganye kwamba sumu ni vitu vya choo tu. Sisi watu wa pwani tuna zetu. Piko, kwa mfano, ile rangi nyeusi ya kujichorea mikono na miguu. Msimu wa harusi piko inakorogwa katika kikombe cha chai, wasichana wako mbioni, watoto wamejaa ukumbini, na kikombe kiko mkekani. Ndani ya piko mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Ikinywewa hufura uso na koo hadi pumzi ikate, na atakayevuka hapo anaweza kuharibikiwa na figo. Mkojo hugeuka rangi, ukawa mweusi. Hata kwenye ngozi huwaunguza wengine. Hina halisi ya majani haina hayo. Sijui kwa nini bibi harusi hawezi kutosheka na hina, lakini hilo ni la kungwi wake. Langu ni kikombe: ikorogwe katika kopo lisilotumika kwa chakula, na likiisha litupwe.

Naftalini za sandukuni nazo. Vile vidonge vyeupe tunavyowekea kanga na kanzu ili nondo wasizile, mtoto akivila huvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo. Upungufu huo unapatikana sana sehemu zenye malaria kama pwani yetu, na wazazi wengi hawajui kama mtoto anao. Hata kumvika mtoto mchanga nguo iliyotoka moja kwa moja kwenye naftalini kumewahi kuleta manjano ya hatari. Ianikwe kwanza, ifuliwe. Na hapo tena maziwa hayafai, maana mafuta yake huisaidia naftalini kuingia mwilini.

Vyoo vyetu je? Maji ya visima vya mji huu ni ya chumvi, masinki yanashika ukoga wa manjano ambao sabuni haiutoi. Watu wanamwaga asidi, wakiona haitoshi wanaongeza Jik juu yake. Mkiwa ndani ya choo kisicho na dirisha, mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini. Macho yanawaka, kifua kinabana, na mwenye pumu anaweza kuanguka humo humo. Kimoja kwa siku moja, na maji mengi katikati. Hili naliambia kila anayenunua vyote viwili kwangu, na wengine hunijibu kwamba mama Sabuni unaharibu biashara yako mwenyewe.

Sasa nimfikie ndugu mwandishi na hoja yake ya uangalifu. Mombasa hii hii, watu wa mtaa wa Owino Uhuru walihangaika miaka na miaka kwa madini ya risasi yaliyoingia katika damu ya watoto wao kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa mjini ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sikusikia mtu akiwaambia akina mama wa pale kwamba wangewachunga zaidi watoto wao wasipumue. Tulielewa wote kwamba aliyeitoa sumu mahali pake ndiye wa kuulizwa. Kwa nini ikiwa ni chupa ya shilingi ishirini tunasahau?

Afrika Kusini walilijaribu jambo hili miaka ya mwanzo ya 1990. Katika eneo moja ambako familia nyingi zilitumia mafuta ya taa, nyumba ziligawiwa vyombo vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Visa vya watoto kunywa mafuta ya taa vilipungua kwa karibu nusu. Akina mama walikuwa wale wale, vyumba vile vile. Marekani walitunga sheria ya vifuniko vya namna hiyo mwaka 1970, ikaanza na dawa za maumivu na vitu vya nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya 84,000 walikufa duniani kwa sumu walizozipata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nchi nyingine zimeliona, zimelitafutia chombo.

Sisi hatukosi sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo ya bidhaa na kulindwa afya na usalama wake. Chupa ya maji yenye Jik ndani haina maelezo yoyote, bali ina maelezo ya uongo. Dawa za panya na kunguni zina sheria yao, Sura ya 346, inayotaka zisajiliwe na ziwe na lebo. Nenda soko la Kongowea usikie kipaza sauti kikitangaza dawa ya panya ndani ya kijikaratasi kisicho na jina wala onyo. Hospitali wakimpokea mtoto aliyelamba ile, wataanza wapi? Baadhi ya dawa za wadudu hufanya mtu atokwe na mate na jasho jingi, mboni za macho zikasinyaa hadi kuwa nukta, na ipo sindano ya kumtibu. Lakini daktari anahitaji kujua ni dawa gani, na muuzaji mwenyewe hajui.

Kwangu mimi nimeliweka hivi. Mteja akija na chupa ya maji, soda au maziwa, simtilii Jik, asidi wala sabuni. Namwuzia kibuyu cha plastiki cheupe kisichopenyeza nuru, cha mraba, mpini ubavuni, ambacho hakifanani na kinywaji chochote cha mji huu. Analipa amana mara ya kwanza, na kuanzia hapo anajaziwa kwa bei ile ile ya kila siku. Nimekiandika kwa kalamu ya wino usiofutika: SUMU, SI YA KUNYWA, kwa Kiswahili, pamoja na jina la kilichomo na fuvu la kichwa kwa asiyesoma. Kibuyu cha Jik hakijazwi asidi hata kama mteja ameapa. Mwanzoni wateja wengine walihamia kwa jirani asiyeuliza. Baadhi wamerudi, si kwa sababu ya usalama, tuseme ukweli, bali kwa sababu Jik yangu haipotezi nguvu.

Hiyo ni duka moja. Duka moja halibadilishi mtaa, ndiyo maana naandika.

Kwa mzazi ambaye limeshamfika: beba chombo au kilichobaki ukionyeshe hospitali, pamoja na nguo ikiwa imemwagikiwa. Sema ukweli wote, hata kama aliyeiweka chupa pale ni mama mkwe. Na usikae nyumbani ukihesabu pesa za kulazwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mtu akikuambia lipa kwanza, mtajie kifungu hicho kwa sauti ili walio kwenye foleni wasikie.

Ombi langu kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa ni dogo, na halihitaji semina hotelini. Leseni zetu za biashara tunazilipia kila mwaka, na maafisa wanapita dukani kuzikagua. Liongezwe sharti moja kwa kila anayeuza vya kupima: Jik, asidi, kostiki na mafuta ya taa visiuzwe katika chupa ya kinywaji. Afisa anayekuja kutazama kama nimebandika leseni ukutani anaweza kutazama na rafu. Wauzaji wa jumla wa madumu nao walazimishwe kuleta vibuyu vidogo pamoja na dawa, kwa maana sisi wadogo tukivinunua kimoja kimoja bei inatushinda, wao wakiagiza maelfu itashuka. Na maandishi yawe ya Kiswahili. Sharti hilo likiandikwa kabla ya leseni za mwaka ujao kutolewa, wauzaji tutakuwa na muda wa kumaliza chupa tulizonazo.

Mama Sabuni,
Majengo, Mombasa